Karatasi Kati ya Ukurasa wa 112 na 113

Sharon na Atyang, Mama Nabwire anasema nimestaafu. Nilimwambia mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi tu. Akasema kwenye kibanda chake yeyote anayeondoka bila kufukuzwa amestaafu, na kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza, niwaandikie kitu mtakachosoma nikishaondoka. Nimechukua wiki tatu kuandika haya. Mnajua mwendo wangu. Niliishia darasa la nane kule Adungosi, na kalamu mkononi mwangu hutembea kama mtu anayevuka matope na viatu vipya.

Nilifika Burumba miaka saba iliyopita, asubuhi ya Jumatatu. Kibanda kilikuwa palepale kilipo leo, kati ya fundi cherehani na muuza viatu vya mitumba, na kibao kilikuwa kilekile: VITABU VINASHONWA. Nilisimama nje nikikisoma. Nilikisoma mara nyingi sana, kwa sababu nilikuwa naogopa kuingia. Ndani mama mmoja alikuwa ameinamia kamusi iliyokosa jalada. Hakuinua kichwa.

"Wewe, umeleta kitabu ama wewe ndiye kitabu? Mbona umesimama kama umewekwa rafuni?"

Nilimwambia natafuta kazi. Akanifanya nirudie mara tatu, kwa maana sauti yangu haikuvuka mlango.

"Ulimi wako uliuacha Adungosi?"

"Hapana, mama."

"Basi kesho uje nao. Leo kunja karatasi."

Nilikunja karatasi miezi mitatu. Msidhani aliwaonea nyinyi mlipokunja miwili.

Vifaa mnavijua, lakini nitaviandika, maana kuna siku Mama Nabwire hatakuwepo na mtu atawaambia mnunue mashine. Ubavu wa ng'ombe wa kulainishia mkunjo huombwa kwa muuza nyama, wala msiuchemshe sana, utavunjika. Sindano ni ile ya fundi viatu. Uzi upakwe nta ya mshumaa mpaka ulie unapouvuta. Gundi ni unga wa muhogo na shabu kidogo, ili mende wasigeuze kitabu chakula cha jioni. Gundi ikianza kunuka pombe, imwageni. Mimi niliwahi kuitumia ikinuka hivyo kwenye vitabu vya nyimbo vya kwaya moja, na kasisi akatuma mtu kuuliza kama sisi ni watu wa kanisa.

Kitabu chochote ni mikunjo. Karatasi nne zikikunjwa pamoja hutoa kurasa kumi na sita, na huo ni mkunjo mmoja. Unashona wa kwanza, unauweka wa pili juu yake, unashona, mpaka mwisho. Ukiruka mmoja, msomaji ataona watu wameoana bila kuchumbiana. Ndiyo maana Mama Nabwire ana sheria yake moja, ambayo amewaambia na atawaambia tena: anayeshona hasomi. Yeye mwenyewe aliwahi kuvutwa na habari za Ruthu alipokuwa anashona Biblia ya mtu, akaja kushtuka amemshona Samweli miguu juu.

Nilipata kesi ngumu. Kuna kitabu cha biolojia kilicholetwa na mwanafunzi akilia. Mbuzi alikuwa amekula sura ya mmeng'enyo wa chakula na kuacha nyingine zote. Niliazima kitabu kingine, nikanakili kurasa sita kwa mkono, nikazishona. Kazi hiyo ilinichukua siku kumi na moja, na ndipo nilipogundua kuwa mtu anayeandika polepole huwa amesoma vizuri. Kingine kililetwa kutoka Osieko kikinuka omena kiasi kwamba paka wa fundi cherehani alihamia kwetu. Nilikilaza siku tano juu ya makaa baridi, harufu ikaisha. Mwenyewe alipokuja kukichukua alikinusa akasema hiki si chake.

Sasa niwaeleze kuhusu ile karatasi, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi na mimi nimekuwa nikijifanya nina gundi motoni.

Mwalimu Wesonga anafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Malaba. Mwaka wangu wa tano alituletea kazi ambayo hatukuwahi kupata. Alikuwa ameandika riwaya yake mwenyewe, Kengele ya Kwanza, juu ya msichana anayeitwa Consolata anayeingia kidato cha kwanza. Alikuwa ameichapisha kwenye karatasi, zimefungwa kwa kamba, na alitaka sisi tukunje na tushone nakala sitini za wanafunzi wake. Akasema zikipendeza, mia mbili zitafuata. Kibanda chetu hakikuwahi kushona kitabu kipya. Siku zote tulipokea wagonjwa. Huyu alikuwa mtoto anazaliwa. Mama Nabwire alifua hata kitambaa cha meza.

Nilivunja sheria siku ya kwanza. Mimi sikuingia sekondari. Sijui harufu ya bweni. Na hapa mbele yangu palikuwa na Consolata anapakia sanduku la bati: sabuni mche mmoja, sukari robo, taulo, picha ya mama yake ndani ya kitabu cha nyimbo. Ningewezaje kukunja bila kumfuata? Nilisoma wakati wa chakula, kurasa tatu kwa siku, siku nyingine nne. Wasichana wa kidato cha pili walipomchukulia sukari nilikasirika nikakunja mkunjo upande usiofaa. Alipooga maji baridi saa kumi na moja alfajiri nilitetemeka, na hapo ilikuwa saa saba mchana, Burumba, bati linawaka.

Lakini kulikuwa na Nekesa. Katika sura ya pili, wakiwa bado shule ya msingi, Nekesa anakaa dawati moja na Consolata na kumshinda hesabu kila wiki. Kisha nyumbani kwa Nekesa wanakosa karo, Consolata anaenda peke yake. Nilingoja kumwona tena. Nilimpata mwisho wa mkunjo wa saba, ukurasa wa 112. Amesimama nje ya geti la shule anauza mandazi. Consolata anamwona, Nekesa anaficha uso na kulia, na Consolata anaapa kusoma kwa bidii asije akawa "kama yule msichana". Mkunjo wa nane, ukurasa wa 113, ni mtihani wa hesabu. Nekesa haonekani tena mpaka mwisho.

Nilikaa na ukurasa huo siku mbili. Halafu nikachukua karatasi moja iliyoharibika pembeni, nikaikunja katikati, na kuanza kuandika kwa penseli maoni yangu. Sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu. Niliandika siku tano. Nakumbuka kila neno kwa sababu kila neno lilinigharimu nusu saa:

"Kitabu hiki ni kizuri. Sanduku nililipakia pamoja na Consolata, na mpaka leo nasikia likigonga mguu wake njiani. Mwandishi anajua kengele, foleni ya githeri na wasichana wanaocheka ili wasilie. Mwalimu wa hesabu ni mwema mno, lakini labda walimu kama hao wapo. Ila kwa Nekesa sikubali. Mtu anayeuza mandazi getini halii saa nne asubuhi. Saa nne ni mapumziko, na mapumziko ndiyo soko lake. Akilia, nani atashika beseni? Tena sura ya pili alikuwa na jina. Sura ya tisa anaitwa yule msichana. Jina lake lilienda wapi? Nyumbani kwao walikosa karo, yeye hakukosa akili. Mwandishi amemsimamisha pale atishe wenzake, kama vile shambani wanavyosimamisha sanamu ya kutishia ndege. Mimi nimesimama nje ya geti, na mimi si sanamu."

Nilipomaliza sentensi ya mwisho nikasikia viatu vya Mama Nabwire mlangoni. Nikaisukuma karatasi chini ya rundo lililokuwa karibu. Lilikuwa rundo la mikunjo ya saba.

"Mwalimu amepiga simu," akasema. "Anataka sanduku la vitabu Jumamosi, si Jumatatu. Shika sindano, na leo usinisomee kitu."

Basi tangu siku hiyo nilitii sheria. Nilishona bila kusoma, mkunjo juu ya mkunjo, macho kwenye tundu na uzi tu, mpaka nakala ya sitini. Tukabana kwa mbao na bolti, tukapaka gundi, tukakata pembe. Jumamosi pikipiki ikaondoka na sanduku kwenda Malaba. Jumapili, kanisani, katikati ya sala, nikakumbuka karatasi yangu. Jumatatu niliinua kila kitu kibandani, hadi sufuria ya gundi. Haikuwepo. Tangu mwanzo nilikuwa nimevunja sheria bila kudhurika, na siku niliyoitii ndiyo nilijishona mwenyewe ndani ya kitabu cha mwalimu.

Sikumwambia mtu. Mama Nabwire aliniuliza mbona sili, nikasema meno.

Baada ya siku tisa Mwalimu Wesonga akaingia. Alikuwa na nakala moja chini ya kwapa.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mwalimu! Umetuletea zile mia mbili?"

"Nimewaletea kitabu chenu."

"Chetu tena? Si wewe umeandika?"

"Kuna kurasa humu sikuandika mimi."

Akakifungua juu ya meza. Kilifunguka chenyewe pale pale, kama kitabu kilichofunguliwa mara nyingi. Mwandiko wangu ulikuwa umekaa kati ya 112 na 113, umeshonwa vizuri, mishono mitano sawasawa. Hata katika hofu ile niliona kuwa mishono ni mizuri.

Mama Nabwire akavaa miwani. Alisoma akitingisha midomo. Alipofika kwenye beseni alicheka kwa sauti, kisha akafunika mdomo.

"Mimi sicheki, mama," akasema mwalimu. "Kazi ya mia mbili naweza kuipeleka Kisumu. Nataka kujua ni nani amefanya hivi."

Mama Nabwire alinitazama mara moja tu. Mwandiko wangu anaujua. Ndio ulioko kwenye kila kibandiko cha kibanda. "Hapa hupita watu wengi, mwalimu," akasema. "Siwezi kujua."

Ningenyamaza, ingeishia hapo. Lakini kazi ingeenda Kisumu, na yeye ndiye angebaki na jina baya kwa ajili yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi, mwalimu. Niliiweka vibaya. Mama hakujua."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Wewe ulifika darasa gani?"

"La nane."

"Na unanikosoa mimi?"

"Sikukukosoa, mwalimu. Nilikusoma."

Alikaa kwenye stuli ya wateja, ile yenye mguu mfupi. Akasema nakala hamsini na tisa zimelala kabatini na hii moja wasichana wanaigombania. Wamebandika orodha ya kungoja ukutani. Hawamuulizi tena kuhusu Consolata, wanamuuliza jina la Nekesa lilienda wapi. "Nimechoka kuulizwa," akasema. "Ijumaa uje uwajibu wewe. Simama mbele yao useme ulichoandika. Ukiweza kukitetea, sisi tutaongea habari ya mia mbili. Ukishindwa, nitajua ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi."

Alipoondoka nilisema siendi.

"Utaenda," akasema Mama Nabwire. "Na utavaa viatu."

"Sauti yangu haivuki mlango, mama. Ulisema wewe."

"Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Ulishaupata ulimi wako, ni vile tu umeupaka gundi."

Ijumaa nilipanda pikipiki hadi Malaba. Malori yalikuwa yamepanga foleni yakingoja kuvuka Uganda, na madereva wamelala chini yake kama mafundi. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya Mama Nabwire, namba moja zaidi ya yangu, na magazeti mbele. Kwenye geti la shule askari alinizuia kabla sijasema kitu.

"Dada, wauzaji wanabaki nje."

"Mimi si muuzaji. Nimeitwa na mwalimu."

"Wote huitwa na mwalimu. Ngoja hapo, nimuulize."

Nikangoja, nje ya geti, mahali palepale ambapo nilikuwa nimeandika kuwa nimesimama. Ilikuwa saa nne kasoro. Kando yangu msichana wa umri kama wangu alifunua beseni la mandazi. Kengele ikalia ndani, na mikono ikaanza kutoka kwenye nafasi za geti, kumi, ishirini, kama matawi. Alikuwa anapokea na kutoa kwa mikono miwili, anarudisha chenji bila kutazama, anatania. "Wewe wa sweta iliyotoboka, hili ni la tatu, leo hakuna chakula cha mchana?" "Madam anakuja, mezeni!" Mimi nilimkodolea macho.

"Dada," akaniambia bila kugeuka, "unanunua ama unanihesabia?"

Nilinunua mawili. Nikamuuliza jina.

"Immaculate. Lakini hapa mimi ni Mandazi tu. 'Mandazi, nipe mbili.' Nimezoea."

Askari akarudi na kunifungulia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu Wesonga alinitambulisha kwa sentensi moja na kuketi, amekunja mikono. Wasichana wale wote wa sweta za kijani walinitazama. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilihesabu madirisha. Nikasikia mtu nyuma anaanza kucheka, na mimi nikatazama chini, ndipo nikaona bado nimeshika mandazi yangu mawili ndani ya gazeti. Sikujua niyafanyie nini. Nikayaweka mezani, mbele ya watu wote.

"Hizo ni za Mandazi wa geti!" akapiga kelele msichana wa mstari wa mbele, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema, "Anaitwa nani?"

Wakacheka kidogo zaidi, kisha wakaacha.

"Huyo aliyewauzia sasa hivi. Jina lake ni nani?"

Wakatazamana. Msichana wa mbele akamtazama jirani yake. Wa kidato cha nne, waliokula mandazi yake tangu kidato cha kwanza, wakatazama viatu vyao. Niligeuka nikamtazama mwalimu, si kwa ubaya, nilitaka tu anisaidie. Naye akafungua mikono yake, akaikunja tena, akaifungua.

"Kila siku napita pale," akasema, kama anajisemea.

"Anaitwa Immaculate," nikasema. "Nimemuuliza sasa hivi. Halikuwa swali gumu. Na hakuwa analia, alikuwa na kazi."

Baada ya hapo niliongea. Nilisoma karatasi yangu yote kutoka kwenye kile kitabu, polepole, kama ninavyosoma, na hakuna aliyeniharakisha. Niliwaambia pia kwamba Consolata nampenda na kwamba sanduku lake ndilo sekondari pekee niliyoingia, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumlilia mwenzake aliyeachwa nje. Msichana mmoja aliuliza kama ni lazima Nekesa arudi shuleni ndipo kitabu kiwe kizuri. Nikasema si lazima. Arudishiwe jina kwanza, mengine ataamua mwenyewe. Walipiga makofi mpaka askari akaja mlangoni kuona kama ni mgomo. Nilirudi Burumba nikiwa nimesahau gazeti kwenye viatu na miguu haikuuma.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Wesonga alileta karatasi za mia mbili. Aliziweka mezani mwenyewe. Nekesa ana jina kwenye ukurasa wa 112 na hafichi uso. Anamwambia Consolata, "Sogea, unanizibia wateja," kisha anamuuliza hesabu za sekondari zikoje, na wanafanya moja pale getini kwenye kipande cha gazeti. Anamaliza wa kwanza.

"Kuna kitu kingine," mwalimu akasema. "Nataka karatasi tupu pale. Kati ya mkunjo wa saba na wa nane. Kila nakala."

Mama Nabwire akamwambia kwa miaka thelathini amekuwa akiwafundisha watu wasishone karatasi isiyohusika.

"Hii inahusika," akasema mwalimu. "Muulize fundi wako."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita fundi. Nilishona mia mbili zote, na kisha mia mbili nyingine, na sasa kuna shule nyingine mbili zinazoitaka. Ndiyo sababu naenda kufungua kibanda changu Malaba, kwenye barabara ile ya shule, maana vitabu hivyo vinasomwa mpaka vinaachia uzi. Mama Nabwire amenipa ubavu wake wa zamani wa ng'ombe. Amesema ameazimisha tu.

Basi mkikuta karatasi tupu kati ya ukurasa wa 112 na 113, msiitoe, wala mteja asiwaambie ni makosa. Ni mahali pa msomaji.

Wiki hii, kazi yangu ya mwisho kibandani, nilipokea nakala moja kutoka shule ile, imeachia mgongo. Karatasi yake haikuwa tupu. Kulikuwa na penseli, herufi kubwa, na alama ya kidole chenye mafuta pembeni:

"Ni kweli sijawahi kulia saa nne. Nimewahi kulia saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwangu, kwa sababu zangu. Kitabu ni kizuri. Hesabu ya getini niliifanya, nikapata jibu kama la Nekesa. Immaculate."

Nimeishona kwa uzi mpya na kuweka mgongo wa kitenge. Iko rafu ya juu, gundi haijakauka. Mtu wa pikipiki akija Ijumaa mwambieni asiipeleke ofisini. Asimamishe pikipiki getini kwanza, amuulizie mwenyewe kwa jina.